Mashtaka ya Williams na Simulizi ya Tippu Tip

George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyesomea sheria na kuandika historia ya watu wake (1882), alimwandikia Mfalme Leopold II waraka wa wazi kutoka Stanley Falls tarehe 18 Julai 1890. Waraka huo umejengwa mfano wa hati ya mashtaka: madai 12, likiwemo kwamba serikali ya mfalme hununua watumwa kwa pauni 3 kila mmoja ili iwafanye askari. Hoja zake ni thabiti. Hata hivyo, wenyeji humo hawasemi, wanasemewa. Na Kasongo na Kabambare, vituo vikuu vya biashara ya pembe na watumwa, Williams hakuvifikia.

Sauti ya huko imo katika Maisha ya Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Kiswahili chake ni kitamu, tena chepesi, na hapo ndipo penye mtego. Msomaji hucheka jinsi msimulizi anavyojizushia nasaba kupitia kwa bibi yake hata mtawala wa Utetera akamwachia nchi. Akicheka, huwasahau mateka. Neno “washenzi” hupita kama jina la kawaida tu. Kuisifu lugha hiyo bila kuuliza ni nani waliobeba pembe ni kufanya nusu ya uhakiki.

Kasongo ilitekwa na majeshi ya Leopold mwaka 1893, Kabambare 1894. Kiswahili kilibaki, mikononi mwa wajukuu wa hao walioitwa washenzi.