Nzi Asiye Nzi: Tahakiki ya Istilahi za Mbawakawa Gamba-fupi

Katika kazi ya istilahi, kosa la jina aghalabu huishia kwenye karatasi. Lakini yapo makosa yanayomfikia raia mwilini mwake. Mfano tunaoujadili hapa ni wa mdudu aitwaye "nzi wa Nairobi", mwekundu na mweusi, mwenye urefu wa milimita 7 hadi 10, ambaye majira ya mvua huvutwa na mwanga wa taa majumbani. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, wakiwamo wa Bukoba na Muleba, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Jina hilo lina kasoro tatu. Kwanza, mdudu huyu si nzi. Nzi ana mbawa mbili. Huyu anazo nne, na mbili za mbele zimekuwa ngumu mithili ya gamba. Kwa hiyo ni mbawakawa, wa familia ya Staphylinidae, yenye spishi zaidi ya 60,000 zilizokwisha kuelezwa. Pili, hana unasaba na Nairobi. Spishi yake mashuhuri, Paederus sabaeus, ilipewa jina na Mjerumani Erichson mwaka 1840, ilhali Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Tatu, jina baya limezaa jina baya zaidi: kwa kulisikia vibaya jina la Kiingereza, wengi nchini Tanzania husema "narobii", tamko ambalo kwa Kiingereza humaanisha nyuki mwembamba.

Hapo ndipo penye madhara. Nzi hupigwa kofi, na nyuki huuma. Mbawakawa huyu haumi wala hana mwiba. Sumu yake, iitwayo pederini, imo katika majimaji ya mwili wake, nayo huipata ngozi pale anapopondwa. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili. Basi tangazo la afya liandikalo "akikuuma" humfundisha msomaji kufanya lile lile linalomdhuru. Yafaa kuandika "akipondwa juu ya ngozi", kisha kushauri kwamba apulizwe au aondolewe kwa karatasi, na mahali alipotua paoshwe kwa maji na sabuni.

Tugeukie sasa lugha ya kueleza spishi mpya za familia hii, kwa kuwa wafasiri na walimu hutuletea maswali juu yake. Neno "mpya" lisimpotoshe mtu. Spishi huwa mpya kwa sayansi siku maelezo yake yanapochapishwa. Mkulima wa migomba na mibuni huenda amekuwa akiiona tangu utotoni. Kwa hiyo tutofautishe "kugundua" na "kueleza". Tena tuandike "spishi", si "aina", maana aina ni neno la kila kitu, hata viatu.

Kuhusu viungo, "papasi" kwa maana ya kiungo cha kugusia kichwani kina utata, kwani papasi pia ni kupe aenezaye homa. Twapendekeza "kipapasio". Mdudu mmoja anayehifadhiwa kuwa shahidi wa jina la spishi aitwe "kielelezo-msingi".

Ama familia yenyewe, wako waliopendekeza "mbawakawa bawa-fupi". Pendekezo hili lavutia, lakini si sahihi: kilicho kifupi ni gamba la juu, ambalo huliacha tumbo wazi, mbawa za kurukia ni ndefu, nazo hukunjwa chini ya gamba hilo. Kwa sababu hiyo twachagua "mbawakawa gamba-fupi".

Linabaki jina la kila siku la huyo mdudu wa malengelenge. Hatuthubutu kumwita "mchoma-ngozi", kwa kuwa kuchoma ni pia kudunga, na tutakuwa tumerudi kwenye kosa la kuuma. Tunalo funzo karibu. Senene wa Bukoba na Muleba, naye mgeni wa taa na mvua, hakuundiwa jina mezani. Kiswahili kilichukua neno la wenyeji, na leo hakuna amwitaye "panzi wa Kagera". Basi kabla ya kubuni, wazee wa vijiji hivyo waulizwe: humwitaje mdudu huyu, na humwondoaje mwilini? Jibu la swali la pili litatupima kama tumelielewa la kwanza.

Hadi hapo, watumishi wa afya na walimu waandike "mbawakawa", wala wasiandike "nzi". Ni badiliko la neno moja tu, lakini huenda likauzuia mkono uliokwisha kuinuliwa kupiga.