Kibarua na Karatasi za Tume

Neno "kibarua" lina historia yake. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, kibarua kilikuwa kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Baadaye jina la karatasi likawa la mtu mwenyewe. Anayezisoma taarifa za uchunguzi wa serikali ya kikoloni kuhusu kazi mjini Mombasa hana budi kulikumbuka hilo, kwani humo pia mtu hugeuzwa karatasi.

Tume ya Willan iliundwa baada ya migomo ya Julai na Agosti 1939. Kamati ya Phillips ikafuata mwaka 1945, na mgomo mkuu wa Januari 1947, uliowashirikisha watu wapatao 15,000, ukaleta baraza la usuluhishi la Thacker. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu wafanyakazi wa bandari hiyo, alionesha jinsi hazina hii inavyomfaa mwanahistoria. Habari za ujira, kodi za nyumba na kazi ya kutwa zingalipotea bila ya taarifa hizo.

Hata hivyo, msomaji wa mashairi huanza kwa kuuliza: nafsineni ni nani, naye amsemesha nani? Hapa anenaye ni serikali, nayo yajisemesha yenyewe, kwa Kiingereza, juu ya watu ambao lugha yao ya gatini ilikuwa Kiswahili. Ilitaka kujua kilichozusha mgomo, ikauliza ya ujira na makazi. Heshima, udugu na hofu havikuwa na safu katika majedwali yake.

Ukimya huo nao ni wa kusomwa. Mwaka 1947 baraza lilitoa nyongeza ya mishahara. Mwaka huohuo Chege Kibachia, kiongozi wa wagomaji, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo. Malalamiko yalikubaliwa, mlalamikaji akanyamazishwa. Anayesoma la kwanza bila ya la pili ataidhania serikali kuwa sikivu.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tume ilipima kaburi, na kipimo hicho kina thamani yake. Lakini nyimbo za kazi na kumbukumbu za wazee ziwekwe kando yake, si kwa kuwa hazikosei, bali kwa kuwa nafsineni wake ni mwingine. Historia isiyofanya hivyo itakuwa imempa kuli kibarua kingine tu, kilichoandikwa kwa mkono wa bwana wake.