Mahakama ya Jukwaani: Hukumu ya Kiongozi wa Vita katika Kinjeketile na Mzalendo Kimathi

Uhakiki wa tamthilia za kihistoria za Afrika ya Mashariki umezoea kuuliza kama mtunzi amekuwa mwaminifu kwa historia. Swali hilo lina haki yake, lakini huliacha pembeni swali gumu zaidi: mtu aliyewaita wenzake vitani, nao wakafa, apimwe kwa kipimo gani? Kwa matokeo ya vita, kwa nia yake, au kwa jinsi yeye mwenyewe alivyokufa? Swali hili halijaisha nguvu huko Laare, katika vilima vya Nyambene, mji unaojulikana zaidi kwa miraa kuliko kwa fasihi. Misitu ya Meru nayo ilikuwa na majemadari wake, na msomaji wa huko hazisomi kazi hizi kama mambo ya mbali.

Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alijitahadharisha mapema kwamba mhusika wake ni kiumbe cha sanaa, si Kinjeketile Ngwale wa historia. Tahadhari hiyo isichukuliwe kuwa ya adabu tu. Kinjeketile wa historia alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza katika vilima vya Wamatumbi. Hakuwaona waliokufa kwa risasi, wala makumi ya maelfu waliokufa baadaye kwa njaa, mashamba na maghala yalipochomwa. Hussein anamwacha hai hadi baada ya kushindwa. Kwa mabadiliko hayo ya msuko, kiongozi anafikishwa mbele ya maiti wake mwenyewe na kulazimika kujibu. Anayemhoji kwa ukali si Mjerumani, bali ni Kitunda, askari mwenzake, ambaye anataka aikane nguvu ya maji. Kinjeketile anakataa. Ukataaji huo umesifiwa mno na wahakiki kama ushujaa. Ushujaa upo, lakini upo pia ukatili: anachagua kulinda tumaini la vizazi vijavyo kwa gharama ya ukweli anaodaiwa na waliokwisha kufiwa. Ubora wa tamthilia ni kwamba haimwondolei mzigo huo. Ikumbukwe pia kwamba hakuwa ameamua kupigana wakati ule; alitaka kungoja, na watu wakamtangulia.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo wanashika njia nyingine katika tamthilia yao ya 1976, iliyotolewa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Mahakama ya Nyeri ya mwaka 1956 haikumhukumu Dedan Kimathi kwa kuanzisha vita. Ilimhukumu kifo kwa kukutwa na bastola na risasi. Watunzi waliuona udogo wa shtaka hilo wakalipanua: kizimbani wanasimama ukoloni, benki, kanisa na wanasiasa walio tayari kuuza nchi. Mbinu hii ina nguvu kubwa ya jukwaani. Hata hivyo inabadili mahali pa swali. Pale Hussein anapouliza kama kiongozi alikuwa na haki ya kuwaingiza watu vitani, hapa uamuzi wa vita unachukuliwa kuwa umekwisha kuhalalishwa na dhuluma yenyewe. Kosa pekee analoruhusiwa Kimathi ni huruma, pale msituni anapowasamehe waliostahili adhabu, nao wanamsaliti. Kosa la namna hiyo humpamba mhusika zaidi ya kumshtaki. Kenneth Watene, katika Dedan Kimathi (1974), alikuwa ameegemea upande wa pili kabisa: Kimathi wake ni mtu wa mashaka, mkali kwa walio karibu naye. Ngũgĩ na Mũgo walikuwa na sababu ya kuikataa picha hiyo, iliyokaribiana mno na maneno ya wakoloni. Lakini katika kuikataa, walitupa pamoja nayo na shaka zote halali.

Jambo moja linaziunganisha Kinjeketile na Mzalendo Kimathi: mashujaa wote wawili wananyongwa na Wazungu. Kifo cha aina hiyo hufunga kesi. Kimathi aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 hakuulizwa kamwe angefanya nini na uhuru. Ndiyo maana hata serikali iliyoacha marufuku dhidi ya Mau Mau isimame hadi 2003 iliweza kumjengea sanamu jijini Nairobi mwaka 2007 bila aibu kubwa. Marehemu hadai shamba.

Hapa ndipo msomaji wa Laare anapokuwa na neno. Musa Mwariama, Jemadari Mkuu kutoka Tigania, jirani ya Igembe, hakukamatwa. Alitoka msituni uhuru ulipofika Desemba 1963, akapokewa na Jomo Kenyatta, akaishi hadi 1989. Miaka hiyo zaidi ya 25 ni miaka ya kesi isiyosikilizwa. Kiongozi aliye hai hukutana sokoni na mjane wa mpiganaji wake. Hukutana pia na aliyekuwa askari wa upande wa serikali, pengine akiwa na ardhi nzuri zaidi. Fasihi inayomhitaji mfiadini haina kiti cha mtu kama huyo.

Baimungi, mwenzake wa misitu ya Meru, ni mgumu zaidi kusawiriwa. Naye alitoka wakati wa uhuru, akaona ardhi haikurudi kama alivyotarajia, akarudi msituni. Mwaka 1965 aliuawa na majeshi ya usalama ya Kenya huru. Mbinu ya Ngũgĩ na Mũgo haiwezi kumbeba, kwa kuwa hakimu wa Kizungu hayupo tena. Mbinu ya Hussein ingemkaribia zaidi, ila mtunzi angelazimika kuamua kwanza ni nani atakayesimama mahali pa Kitunda, na bendera ya nani itatundikwa ukutani nyuma yake.