"Sakinisha" na "Unganisha": Maneno Mawili Yapimwe

Miongoni mwa maneno tuliyoletewa na kompyuta, "sakinisha" ni jema: latokana na sakini, yaani kukaa mahali, programu hupewa maskani ndani ya mashine. Lakini "unganisha" lampoteza anayeanza. Tumfikirie mwanafunzi wa Majengo, Mpanda, aliyekwisha kuisakinisha PostgreSQL, hifadhidata yenye asili katika nadharia ya uhusiano aliyoitoa E. F. Codd mwaka 1970. Aambiwa "unganisha", naye atafuta waya. Waya haupo, seva na programu iitumiayo zimo katika mashine moja. Litakiwalo ni kubisha hodi: kulifikia lango, ambalo kwa kawaida ni 5432, na kutaja jina, neno la siri na hifadhidata itakiwayo. Seva ikiwa imelala, hapana wa kumpokea mgeni. Neno la siri likikosewa, mwenyeji yupo, ila amkataa. Asiyetambua tofauti hiyo huisakinisha programu upya, bure. Hatusemi "unganisha" lifutwe, maana limekwisha kuenea. Twasema miongozo ilifasiri kwa hodi, desturi ambayo kila msomaji wa Kiswahili anayo tangu utotoni.