Nahau ya mwizi iliyovishwa ushujaa
Wapenzi wa filamu za Kichina wameizoea nahau fei yan zou bi, yaani kuruka mapaa na kutembea juu ya kuta, wakidhani ni sifa ya shujaa tu. Hebu turudi kwenye riwaya ya Shuihu Zhuan. Humo inamtambulisha Shi Qian, mwizi aliyelakabiwa Kiroboto Juu ya Ngoma, mla jogoo wa wenyewe! Wepesi huohuo ndio uliowapatia waasi wa Liangshan deraya ya Xu Ning, iliyoning'inizwa kwenye boriti. Hata hivyo, kati ya mashujaa 108 akawekwa nafasi ya 107. Kejeli hiyo ndiyo utamu wa nahau. Mfasiri akiandika 'mwepesi kama swara', jamani, ameiua. Abakize paa na ukuta, njia za mwizi.