Uhakiki wa Istilahi: "Kuunganisha" Safu

Sisi walimu wa Nagongera tunasomea mpakani. Vitabu vya Kenya hutufikia kwa njia ya Busia na Malaba, nazo kamusi hutoka Dar es Salaam. Mwanafunzi akitengeneza faharasa kwa lugha ya PHP huwa na safu mbili, yaani orodha mbili ambazo ufunguo ni neno la Kiingereza na thamani ni la Kiswahili. Ya Kenya ina tarakilishi na rununu. Ya Tanzania ina kompyuta na simu ya mkononi. Nasi humwambia: "Ziunganishe."

Tunadai kwamba kitenzi hicho hakitoshi, maana kinaficha kazi tatu tofauti. Ufunguo wa maneno ukijirudia, array_merge huacha thamani ya safu ya mwisho na kuifuta ya kwanza. Alama ya + hufanya kinyume: ya kwanza hubaki, na safu ya pili huziba mapengo tu. array_merge_recursive huziweka zote mbili chini ya ufunguo mmoja. Tunapendekeza basi kufunika, kujazia na kukusanya.

Hili si suala la istilahi tu. Anayefunika akidhani anakusanya atapoteza tarakilishi, na programu haitatoa onyo lolote. Nusu ya Kiswahili cha mpakani itatoweka kimyakimya.

Kasoro ya pili ni ya kasi. Wengi huita array_merge ndani ya kitanzi, yaani amri inayojirudia. Kwa kawaida kila mzunguko huunda safu mpya na kunakili yote yaliyotangulia, kama mtu anayeandika daftari upya kila apatapo ukurasa mmoja. Chukua orodha 100 za maneno 50, yote tofauti: kitanzi kitanakili mara 252,500, ilhali maneno ni 5,000 tu. Dawa ni kuziweka orodha zote ndani ya safu moja, $orodha, kisha baada ya kitanzi kuandika mara moja array_merge(...$orodha). Nukta hizo tatu zinakubalika tangu PHP 5.6 ya mwaka 2014. Array_merge_recursive nayo huitwa vivyo hivyo.

Ndugu walimu, kabla ya kusahihisha kazi ya mwanafunzi, tujiulize kwanza: tulimwagiza afunike, ajazie au akusanye? Tusipotaja, kosa ni letu.