Somo Limeeleweka na Nani?

Katika kitabu chake Teacher, kilichotolewa mwaka 1963, Sylvia Ashton-Warner anasimulia alivyowafundisha watoto wa Kimaori kusoma huko New Zealand. Kila mtoto alitaja neno lake mwenyewe, la kumpendeza au la kumtisha, naye mwalimu akaliandika kwenye kadi. Mtoto asipolitambua kesho yake, kadi iliondolewa.

Kwa maoni yangu, thamani ya kitabu hiki haimo katika kadi. Imo katika mwalimu kueleza wazi hata neno lililokataa kukaa kichwani mwa mtoto. Kasoro yake ni kurukaruka kati ya mbinu na shajara, hata mwalimu mchanga aweza kunakili kadi akasahau kusikiliza.

Chuoni nilikagua maandalio mengi ya masomo. Mahali pa maoni palijaa sentensi moja: "Somo limeeleweka." Hiyo humridhisha mkaguzi, lakini haimsaidii mwalimu wa darasa la jirani. Afadhali aliyeandika: "Kugawanya kumewashinda wengi, kesho nitatumia vijiti." Huyo ana la kujadiliana na mwenzake, na wote wawili watajifunza.